Ubunifu, bei ya chini au kiwanda ugenini: njia tatu za kuingia soko la magari la dunia

Anayetaka kuuza magari nje ya nchi yake, au hata kipuri kimoja tu, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kupeleka kitu ambacho wengine hawana, akakitoza bei ya juu. Anaweza kupeleka kitu ambacho kila mtu anacho, ila kwa bei ambayo wengine hawaifikii. Au anaweza kuacha kusafirisha magari, akapeleka kiwanda, ili magari yatengenezwe kulekule mnunuzi aliko.

Kampuni kubwa huishia kutumia zote tatu. Lakini fedha za kuanzia ni nadra kutosha kugawanywa mafungu matatu, kwa hiyo lazima uchague unapoanzia. Uamuzi huo unamkabili mwenye kiwanda cha vipuri anayetafuta wateja wa nje, mwagizaji anayechagua chapa ya kuwakilisha kwa miaka mingi, na mtumishi wa wizara anayepanga ushuru huku akijiuliza utawavuta wawekezaji wa namna gani. Nawaandikia hao, pamoja na mwanafunzi wa biashara anayetaka kuona nadharia ikigusa chuma.

Msimamo wangu ni huu: kila njia ina mahali pake pa kuumia, na sheria za mpakani zina tabia ya kubonyeza papo hapo. Kabla ya kuuliza ipi ina nguvu zaidi, jiulize udhaifu wa ipi unaweza kuubeba.

Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo matano. La kwanza ni mtaji na muda: fedha kiasi gani zinazama, na kwa muda gani, kabla gari la kwanza halijarudisha chochote. La pili ni kinachobaki mkononi kwa kila gari baada ya nauli ya meli na ushuru. La tatu ni uimara wa faida yako mbele ya wanaoiga. La nne ni jinsi mpaka unavyojibu, yaani ushuru, mgawo (kikomo cha idadi ya magari yanayoruhusiwa kuingia), viwango vya usalama na moshi, pamoja na thamani ya sarafu. La tano, ambalo husahaulika mno, ni maisha ya gari baada ya kuuzwa: vipuri, mafundi, dhamana, na bei yake likiwa limeshatumika.

Tuanze na hesabu ndogo, maana inaeleza mengi yanayofuata. Chukua magari mawili ya mfano. La kwanza linafika bandarini kwa bei ya 10,000 na mtengenezaji anabaki na 500. La pili linafika kwa 60,000 na anabaki na 9,000. Meli hutoza kwa nafasi ambayo gari linachukua sakafuni, kwa hiyo nauli ni karibu sawa kwa yote mawili, tuseme 1,000. Kwa gari la kwanza hiyo ni sehemu ya kumi ya bei nzima. Kwa la pili haifiki hata asilimia 2. Sasa nchi inayopokea iongeze ushuru wa asilimia 10. Gari la bei nafuu linadaiwa 1,000, mara mbili ya faida yake yote. Lile ghali linadaiwa 6,000; ni pigo, lakini mtengenezaji akiamua kulibeba peke yake bado anatoka na kitu. Ushuru uleule, kwa asilimia ileile, humfunga mmoja na kumkwaruza mwingine.

Njia ya kwanza: ubunifu kwa bei ya juu

*Mtaji na muda.* Huku ndiko fedha huzama kwa kina. Gharama ya utafiti haipungui kwa sababu umeuza magari machache. Ukitumia bilioni 1 kubuni gari kisha ukauza 200,000, kila gari limebeba 5,000 za utafiti. Ukiuza milioni 2, kila moja linabeba 500. Ndiyo maana mbunifu hulazimika kuvuka mipaka: soko la nyumbani mara nyingi ni dogo mno kulipia maabara. Toyota walizindua Prius nchini Japani Desemba 1997, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa tayari inauzwa nje. Hata hivyo, si lazima uwe na gari zima. Mwaka 1978 Bosch walitoa mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, ukaanzia kwenye Mercedes-Benz S-Class, kisha ukaenea kwa watengenezaji wengine. Muuza vipuri mwenye kitu kipya husafiri ndani ya magari ya watu wengine, na mnunuzi wa mwisho hana haja ya kulijua jina lake.

*Kinachobaki mkononi.* Ndicho kikubwa kuliko katika njia nyingine, kwa sababu za hesabu ile ya juu. Mwenye kitu cha pekee anaweza kutofautisha bei nchi kwa nchi, akatoza zaidi pale washindani walipo wachache.

*Uimara wa faida.* Ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Gari jipya linapotoka, washindani hulinunua, hulifungua boliti kwa boliti, hupima uzito wa kila kipande na kukadiria kiligharimu kiasi gani. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, husaidia, lakini wapo walioamua kuzifungua wenyewe. Volvo walipoleta mkanda wa usalama wa pointi tatu mwaka 1959, kazi ya mhandisi Nils Bohlin, waliwaachia watengenezaji wengine wautumie. Tesla nao walitangaza Juni 2014 kwamba hawatawashtaki wanaotumia hataza zao kwa nia njema. Palipo na soko changa, mbunifu mpweke anaweza kukosa vituo vya chaji, wasambazaji na hata sheria zinazomtambua. Wenzake wakiingia, vyote hivyo hukua.

*Mpaka unavyojibu.* Mbunifu haumizwi sana na ushuru. Anaumizwa na viwango. Nchi nyingi hufuata makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1958, ambayo kwayo kifaa kilichoidhinishwa na mwanachama mmoja hutambuliwa na wengine wanaotumia kanuni hiyo. Marekani haimo, huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba ametimiza viwango vya shirikisho, na viwango hivyo vina maneno yake. Tazama taa za mbele zinazojirekebisha. Taa hizi hubaki na mwanga mkali barabarani huku zikikata kivuli mahali gari linalokuja lilipo, ili dereva wa mbele asipofushwe. Audi waliziweka kwenye A8 barani Ulaya mwaka 2013. Marekani kanuni ilidai taa iwe ama ya mwanga wa chini ama wa juu, kwa hiyo magari yaleyale yalifika huko uwezo huo ukiwa umezimwa, hadi kanuni ilipobadilishwa mwaka 2022. Teknolojia ilikuwa tayari na wanunuzi wenye fedha walikuwepo. Sheria iliyoandikwa kabla ya taa hizo kubuniwa ndiyo iliyofunga njia.

Upande wa pili, vizuizi vya idadi humpendelea mwenye kitu cha thamani. Mwaka 1981, kwa shinikizo la Marekani, Japani ilikubali kupeleka huko magari yasiyozidi milioni 1.68 kwa mwaka. Mgawo huo ulihesabu magari, haukuhesabu dola. Ukiruhusiwa idadi fulani tu, utapeleka magari ya aina gani? Yale yanayoacha faida kubwa kwa kila moja. Watengenezaji wa Japani wakapanda ngazi: Honda wakaanzisha Acura mwaka 1986, Toyota wakaleta Lexus na Nissan wakaleta Infiniti mwaka 1989. Lexus LS 400 ilitangazwa kwa dola 35,000, chini ya magari ya kifahari ya Ujerumani iliyoshindana nayo, huku ikiwa tulivu na yenye kutegemewa. Kizuizi kilichokusudiwa kuwalinda watengenezaji wa Marekani kilichangia kuzaa washindani wapya katika kundi lenye faida nono zaidi.

*Baada ya kuuzwa.* Kitu kipya hakina mafundi. Vifaa vya kupimia, mafunzo, ghala la vipuri, vyote vitoke kwako, na nje ya miji mikubwa gharama hiyo hupanda haraka. Bei ya gari lililotumika nayo huyumba pale mnunuzi wa pili asipojua betri au kompyuta itadumu miaka mingapi.

*Inamfaa* mwenye subira ya mtaji, mwenye kitu kisichoigika kwa msimu mmoja, na anayelenga masoko ambayo kanuni zake amezisoma kabla ya kuchora. Haimfai anayehitaji fedha kurudi mapema.

Njia ya pili: bei ya chini na wingi

*Mtaji na muda.* Wengi huiona hii kuwa njia ya maskini. Sivyo. Bei ya chini inayodumu huzaliwa kiwandani, na kiwanda hicho ni ghali. Ford Model T ilipotoka mwaka 1908 iliuzwa kwa dola 850. Mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park kikaanza kutumia mstari wa kuunganisha unaosogea, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja na nusu. Katikati ya miaka ya 1920 toleo la bei ya chini kabisa liliuzwa chini ya dola 300, na kufikia mwaka 1927 magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametengenezwa. Bei ile ilikuwa ubunifu, ila ulifanyika kwenye sakafu ya kiwanda, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Mfano wa karibu zaidi ni Dacia Logan. Renault waliinunua Dacia ya Romania mwaka 1999, na mwaka 2004 wakatoa gari lililolengwa kuuzwa kwa euro 5,000. Walianza na bei, wakarudi nyuma kuchora. Vioo vya pembeni vilifanywa vya umbo moja kulia na kushoto ili kalibu moja itoshe. Dashibodi ikamiminwa kipande kimoja. Sehemu nyingi zilichukuliwa kwenye magari ya Renault yaliyokuwa yameshalipa gharama zake. Gari lilikusudiwa masoko yanayoinukia, lakini mwaka uliofuata lilikuwa linauzwa Ufaransa, kwa kuwa huko pia wapo watu wanaotaka gari jipya lisilo na madoido. Kwangu mimi Logan ni somo zuri kuliko vitabu vingi: bei ya chini inayotokana na mchoro ni tofauti kabisa na bei ya chini inayotokana na kukubali hasara.

*Kinachobaki mkononi.* Kidogo kwa kila gari, na ni wingi tu unaokifanya kiwe fedha. Mauzo yakishuka kwa robo, kiwanda kilichojengwa kwa wingi huanza kula faida yake chenyewe.

*Uimara wa faida.* Inategemea chanzo. Nafuu inayotokana na mishahara midogo huisha mishahara inapopanda, au mtu mwingine anapopata mishahara midogo zaidi. Nafuu inayotokana na mbinu ya kazi hudumu, maana kumnyang'anya mtu mazoea ni kazi ngumu kuliko kumwiga mchoro. Nafuu inayotokana na ruzuku hudumu hadi nchi inayopokea inapofungua uchunguzi.

*Mpaka unavyojibu.* Hapa ndipo njia hii inapoumia zaidi. Bei ya chini huonekana haraka, huwaumiza watengenezaji wa ndani mara moja, na watengenezaji wa ndani wana wafanyakazi wanaopiga kura. Mwaka 2024 Marekani ilipandisha ushuru wa magari ya umeme kutoka China hadi asilimia 100, na Kanada ikafuata kwa kiwango hichohicho. Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya, baada ya uchunguzi wa ruzuku, uliongeza ushuru juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10: BYD asilimia 17, Geely 18.8, SAIC 35.3. Ulaya walitoza tofauti kampuni kwa kampuni, kulingana na walichokadiria kuwa msaada wa serikali na kiasi kila kampuni ilivyotoa ushirikiano. Mwagizaji aliyekuwa amesaini mkataba na kampuni moja badala ya nyingine alijikuta na mzigo tofauti kabisa kwa gari la ukubwa uleule.

Sarafu nayo ni mpaka. Baada ya Makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, ambapo nchi tano tajiri zilikubaliana kushusha thamani ya dola, dola moja iliyokuwa ikinunua takriban yen 240 ilikuwa inanunua karibu 120 mwishoni mwa 1987. Muuzaji wa Kijapani aliyekuwa akitegemea bei pekee aliona nusu ya kila dola ya mauzo yake ikiyeyuka bila mtu yeyote kugusa ushuru.

*Baada ya kuuzwa.* Yugo iliingia Marekani mwaka 1985 kwa dola 3,990, chini kuliko gari jipya lolote sokoni, na mwaka 1992 ilikuwa imetoweka. Hyundai Excel iliingia mwaka 1986 kwa dola 4,995 na kuuza zaidi ya magari 100,000 ndani ya mwaka wa kwanza. Kisha matatizo ya ubora yakaanza kujitokeza, jina likachafuka, na mauzo yakaporomoka. Hyundai hawakukimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitoa dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia, wakati washindani wengi walikuwa na dhamana fupi kuliko hiyo. Dhamana ndefu ni ahadi ghali, na huwezi kuitoa bila kwanza kurekebisha kiwanda, la sivyo madai yatakumaliza. Wanunuzi walilielewa hilo. Yugo na Excel zilianza na kivutio kilekile. Kilichozitenganisha ni kama nyuma ya bei palikuwa na mtu wa kusimama na gari likiharibika.

Ipo pia hatari ya bei yenyewe kuwa jina la gari. Tata Nano ilionyeshwa nchini India mwaka 2008 ikiwa na ahadi ya rupia 100,000, na ilisifiwa dunia nzima kwa uhandisi wake. Uzalishaji ulikoma mwaka 2018. Familia inayotoka kwenye pikipiki kwenda kwenye gari la kwanza inataka pia majirani waone imepiga hatua, na gari linalotangazwa kama la bei ya chini kuliko yote duniani haliwapi hilo.

*Inamfaa* mwenye mbinu za uzalishaji zilizokomaa, soko kubwa la nyumbani la kuanzia, na uwezo wa kuuza katika nchi nyingi ili moja ikifunga zibaki nyingine. Inamfaa pia mwagizaji katika masoko yasiyo na watengenezaji wa ndani, kwa sababu huko hakuna mwenye hamu ya kudai ushuru wa kumlinda.

Njia ya tatu: kiwanda ugenini

*Mtaji na muda.* Ngazi zake ni nyingi. Ya chini ni kupeleka gari likiwa vipande ndani ya makontena na kuliunganisha huko. Mtaji ni mdogo, na nchi nyingi hutoza vipande ushuru wa chini kuliko gari zima. Ya juu ni kiwanda kamili chenye mashine za kukandamiza bati, sehemu ya kuchomea, rangi na wasambazaji waliokizunguka. Honda walianza kutengeneza Accord huko Marysville, Ohio, mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya ule mgawo wa magari ya Japani. BMW walifungua Spartanburg, Carolina Kusini, mwaka 1994.

*Kinachobaki mkononi.* Ushuru wa gari zima hupungua au huisha, na nauli ya bahari nayo. Gharama za kudumu ndizo zinazoingia mahali pake. Kiwanda kinachofanya kazi nusu ya uwezo wake kinaweza kukufilisi kwa uhakika zaidi ya ushuru wowote.

*Uimara wa faida.* Kiwanda ni vigumu kuigwa haraka, lakini humfundisha mwenyeji. China ilipofungua milango, watengenezaji wa nje waliingia kwa ubia; ule wa Volkswagen mjini Shanghai ulianza mwaka 1984. Kikomo cha umiliki cha asilimia 50 kwa mgeni katika magari ya abiria kiliondolewa kabisa mwaka 2022. Miaka yote hiyo wahandisi na wasambazaji wa huko walikuwa wanajifunza. Mwaka 2023 Volkswagen walitangaza kununua karibu asilimia 5 ya Xpeng, na Stellantis (wamiliki wa Peugeot na Fiat) karibu asilimia 20 ya Leapmotor, zote mbili kampuni za China, ili wapate teknolojia ya magari ya umeme ya Kichina. Mwalimu alirudi darasani kama mwanafunzi, na akalipa ada.

*Mpaka unavyojibu.* Njia hii ndiyo inayoelewana na mpaka kuliko zote, lakini mpaka nao umejifunza kuuliza: ni kiasi gani cha gari hili kimetengenezwa hapa kweli? Mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza kutumika Julai 2020 unadai asilimia 75 ya thamani ya gari itoke ndani ya eneo hilo. Mkataba uliotangulia ulidai 62.5. Tena sehemu ya thamani, asilimia 40 hadi 45 kulingana na aina ya gari, itoke kwa wafanyakazi wanaolipwa wastani wa dola 16 kwa saa au zaidi. Kiwanda cha kufunga skrubu peke yake hakipiti hapo.

Anayetaka kuona jinsi watu wanavyohangaika na swali hilo aangalie Ford Transit Connect. Tangu mwaka 1964 Marekani imetoza asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo yanayotoka nje, ilhali gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5. Ford walikuwa wakiyaleta magari haya kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma na madirisha, hivyo forodhani yakahesabiwa ya abiria. Yakishatoka forodhani, viti viling'olewa, madirisha ya nyuma yakazibwa kwa bati, na gari likaenda kuuzwa likiwa la mizigo. Kutengeneza kiti, kukisafirisha baharini na kukitupa kulikuwa nafuu kuliko kulipa ushuru. Mahakama ya rufaa iliamua dhidi yao mwaka 2019, na mwaka 2024 walikubali kulipa dola milioni 365. Mianya ya ushuru hulipa kwa muda. Mkaguzi anaweza kurudi kudai ya miaka yote iliyopita.

*Baada ya kuuzwa.* Hapa njia ya tatu inaongoza. Vipuri viko karibu, mafundi wanafunzwa kiwandani, na malalamiko ya wateja yanamfikia mhandisi kabla mwaka haujaisha.

Lakini soko likiwa dogo, ukaribu hauokoi. Volkswagen walifungua Westmoreland, Pennsylvania, mwaka 1978 na kufunga mwaka 1988, kwa sababu magari yao hayakuuzwa vya kutosha. Australia ilikuwa na viwanda kwa miongo mingi. Ushuru uliposhuka hadi asilimia 5 na wanunuzi wakagawanyika kati ya chapa nyingi mno, Ford walifunga mwaka 2016, Toyota na Holden, chapa ya hukohuko, mwaka 2017.

*Inamfaa* ambaye tayari anauza vya kutosha katika eneo fulani na anaona ushuru unakula faida yake kila mwaka. Kwa anayeingia kwa mara ya kwanza, naiona hatari, isipokuwa kwa ngazi ya chini ya kuunganisha.

Pale njia zinapokutana

Sababu ya watu wengi kukwama leo ni kwamba mpaka kati ya ubunifu na bei umefifia. Betri ya gari la umeme iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa karibu dola 115. Aliyeongoza kwenye teknolojia ya betri ndiye pia aliyeweza kushusha bei. BYD walianza mwaka 1995 huko Shenzhen kama watengenezaji wa betri, na betri yao ya mwaka 2020 inatumia chuma na fosfeti, bila kobalti wala nikeli. Kwao ubunifu na unafuu ni jambo moja. Mwaka 2023 China iliipita Japani na kuwa muuzaji mkubwa wa magari nje kuliko nchi yoyote, kwa takriban magari milioni 4.9 dhidi ya milioni 4.4.

Majibu ya mpaka yakaja, na mwendo uliofuata unaeleza mengi. Ushuru wa nyongeza wa Ulaya uligusa magari ya betri pekee, kwa hiyo kampuni za China zikaanza kupeleka mengi zaidi yenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja. BYD walifungua kiwanda Rayong, Thailand, mwaka 2024, wakaanza kujenga Szeged, Hungaria, na wakachukua eneo la Camaçari nchini Brazili lililoachwa na Ford. Walinunua hata meli zao wenyewe. Ya kwanza, iliyoanza safari mwaka 2024, inabeba takriban magari 7,000. Walianza na njia mbili za kwanza, na ushuru ukawasukuma kwenye ya tatu.

Chagua kulingana na ulipo

Kama una kiwanda cha vipuri na unacho kitu kimoja unachofanya vizuri kuliko wengine, anza na njia ya kwanza, lakini soma kanuni za soko unalolenga kabla ya kutengeneza kalibu. Kipuri chako kikiwa cha kawaida, kama pedi za breki au vichujio, wanunuzi watakupima kwa bei na uthabiti wa ubora, na hapo njia ya pili haina mbadala.

Kama ni mwagizaji, usitazame bei ya gari peke yake. Uliza ushuru ukipanda kwa asilimia 20 kesho, nani anabeba: wewe, mtengenezaji, au mnunuzi? Kama jibu halimo ndani ya mkataba, basi ni wewe. Uliza pia vipuri vitahifadhiwa wapi na dhamana inalipwa na nani. Mtengenezaji wa bei ya chini anayekubali kuweka ghala la vipuri karibu nawe ni bora kuliko mbunifu mwenye jina anayekutumia kila kitu kwa oda. Katika nchi yenye watengenezaji wa ndani wenye nguvu, elemea magari ya thamani ya juu, maana ndiyo yanayovumilia ushuru.

Kama mauzo yako katika eneo moja yamekuwa ya uhakika kwa miaka kadhaa, na ushuru unaoulipa kila mwaka unakaribia gharama ya kuendesha laini ya kuunganisha, piga hesabu ya njia ya tatu. Ipige mara mbili: mara moja ushuru ukiwa ulivyo, na mara ya pili ukidhani umeshuka kwa nusu, kama ilivyotokea Australia. Kiwanda kinachopata faida katika hesabu ya kwanza tu kinategemea uamuzi wa watu usiowajua.

Na kama unapanga sera, kumbuka kwamba kila kizuizi humwambia mtengenezaji apeleke nini. Mgawo wa idadi utakuletea magari ya kifahari. Ushuru wa asilimia utayaumiza zaidi magari ya bei nafuu, ambayo ndiyo yanayonunuliwa na watu wa kipato cha chini. Tofauti kubwa ya ushuru kati ya gari zima na vipande italeta viwanda vya kuunganisha, na sharti la thamani ya ndani ndilo litakaloamua kama viwanda hivyo vitaagiza hata viti na nyaya kutoka nje. Sharti hilo likiwekwa juu kabla wasambazaji wa ndani hawajawepo, hakuna atakayekuja. Lipandishwe hatua kwa hatua, kwa ratiba iliyotangazwa mapema, ili anayejenga leo ajue miaka mitano ijayo atadaiwa nini.